Unaolewa na mtoto yuko njiani? Kodi ya biashara yako iko hivi

Juzi dada mmoja wa huku kwetu Mbegani kanitumia swali. Anauza vitenge na madera WhatsApp, mzigo anaupandisha gari za Makumbusho kwenda kwa wateja wa Dar. Ndoa mwezi ujao, mtoto Septemba inshallah. Anauliza: "Kaka, nikishaolewa na kujifungua, TRA wananipunguzia?"

Hapana. Kodi yetu ya mapato haina punguzo la ndoa wala la mtoto. Mume na mke kila mmoja anahesabiwa kivyake kwa TIN yake. Na kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kufunga ndoa peke yake hakuhamishi mali ya mmoja kwenda kwa mwenzie. Duka lililokuwa lako linabaki lako, na kodi yake vilevile.

Kinachokuokoa ni daftari. Natumia jedwali la TRA la 2023/24 (bajeti mpya ikipita liangalie tena). Mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka, hulipi. Kuanzia hapo hadi 7,000,000, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye nazo analipa asilimia 3 ya kilichozidi 4,000,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000, asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye nazo 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000. Hapo wanaangalia mauzo, sio faida. Hata bei uliyonunulia mzigo haitolewi, sembuse nepi.

Sasa tumpigie hesabu dada yetu. Tuseme mwaka jana kauza 7,800,000 bila daftari, kodi 250,000. Mwaka huu atapumzika miezi kadhaa, mauzo yashuke mpaka 5,200,000. Akiwa ameandika kila alichouza, kodi ni 36,000. Asipoandika ni 100,000. Asipoandika na asiende kusema chochote, anaweza kubaki na makadirio yale yale ya 250,000. Tofauti ni 214,000, na hiyo ni hela ya uzazi kabisa.

Halafu jamani, michango ya harusi! Wengi tunapokelea michango kwenye laini ile ile ya wateja. Shangazi katuma 50,000, mteja katuma 45,000, mwisho wa mwaka taarifa ya simu inasoma vyote sawa, na wewe ndiye wa kueleza kipi ni kipi. Michango sio mauzo, ila ithibitishe. Biashara ibaki kwenye Lipa Namba, harusi ipewe laini nyingine, au namba ya mwekahazina wa kamati. Fanyeni hivyo kabla kadi hazijatoka.

Kuna wanaoshauri duka moja ligawanywe, nusu jina la mke nusu la mume, ili kila nusu iwe chini ya 4,000,000. Mimi sikushauri. Sheria ya Kodi ya Mapato inampa Kamishna uwezo wa kurekebisha kipato kilichogawanywa ili kukwepa kodi. Kama mume kweli anauza dagaa wake, mzigo wake, wateja wake, hapo sawa, akate TIN yake. Ila akiwa ameajiriwa jedwali hili halimhusu, ni la mtu ambaye kipato chake chote ni cha biashara. Kwa hiyo msikimbilie kuhamishia duka kwa mume kisa kaolewa mtu.

Malipo ni awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara ikishuka unaruhusiwa kuomba makadirio yarekebishwe, ila ndani ya mwaka huo huo, na daftari mkononi. Awamu ya tatu ya dada inaangukia mwezi ule ule wa kujifungua, na sijaona mzazi wa wiki mbili anayekumbuka tarehe 30. Nimemwambia aende TRA Julai, tumbo bado linamruhusu kupanda bodaboda, na amfundishe mwenzie kutoa namba ya malipo kabla ya Agosti kuisha.