Ya Kwanza, Kubwa, Pekee: Rekodi za Tiba Chini ya Kibo

Mlima Kilimanjaro wenyewe hauhitaji utambulisho: mita 5,895, hakuna ulio juu zaidi Afrika. Rekodi za tiba zilizo miguuni pake ndizo zisizopigwa picha.

Naanza na hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha. Ilianza 1926 kama makao ya wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambazo tiba ilikuwa hewa safi, chakula na subira. Mwaka 2009 ikawa ya kwanza nchini kutibu kifua kikuu sugu. Tena ikawa pekee, na neno hilo lina gharama. Kwa miaka kadhaa mgonjwa wa Mtwara alilazimika kuacha shamba na watoto, avuke nchi nzima, alazwe miezi, wakati tiba nzima ilikaribia miaka miwili. Baadaye huduma ikasogezwa mikoani.

Kubwa kuliko zote ni KCMC ya mjini Moshi, iliyofunguliwa 1971. Mkoa wa Kilimanjaro haukufikisha watu milioni 2 katika sensa ya 2022, ila hospitali hii ya rufaa inakadiriwa kuhudumia watu milioni 15 wa kanda ya kaskazini. Kituo chake cha saratani kilifunguliwa Desemba 2016. Dripu za kemotherapi zikapatikana Moshi. Aliyehitaji mionzi akaendelea kupanda basi la Dar, zaidi ya kilomita 500, kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road.

Kwa msongamano wa hospitali, ushindi ni wa mteremko wa kusini na mashariki: Machame, Kibosho, Kilema, Huruma, zote za makanisa. Wamisionari walifuata baridi na migomba. Tambarare jirani ya Simanjiro haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Rekodi ninayoipenda mimi ni ya shule. Tangu 1981 KCMC inafundisha mafundi wa miguu na mikono bandia, na tangu 1992 matabibu wa ngozi, wanafunzi wakitoka nchi nyingi za Afrika na kurudi makwao na ujuzi. Hapohapo ndipo ilipozaliwa Kilisun, losheni ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Hutengenezwa Moshi, hupakiwa kwenye gari la kliniki ya ngozi na kupelekwa vijijini, makopo yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili.