Kuhara Damu Kusikokoma: Ugonjwa wa Utumbo Uliodhaniwa si wa Kampala

Bondeni mwa Bugolobi, jijini Kampala, Uganda, pale mfereji wa Nakivubo unapokikaribia kinamasi unachokipitia kabla ya kumwagikia Ziwa Victoria, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka limejenga mtambo wenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 za majitaka kwa siku. Mtambo huo ni kinga dhidi ya magonjwa ya tumbo ambayo wakazi wa Kampala wanayajua kwa majina: kipindupindu, amiba, minyoo, na homa ya matumbo iliyoenea jijini mwaka 2015. Hata hivyo, upo ugonjwa mwingine wa tumbo usiozuiwa na maji safi, ambao wataalamu wengi wanaamini huongezeka kadiri watu wanavyohamia mijini na kubadili maisha yao, nao ni ugonjwa sugu wa inflamesheni ya utumbo.

Inflamesheni ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kuvimba, kupata joto na kuuma wakati kinga ya mwili inapopambana na mvamizi. Katika ugonjwa huu mapambano huendelea ingawa hakuna mvamizi anayeonekana, na kinachoumia ni utumbo wenyewe. Aina zake kuu ni mbili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana peke yake, ikianzia sehemu ya mwisho iliyo jirani na njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka mahali, huku ikichubua utando wa ndani. Ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932, unaweza kutokea popote kuanzia kinywani hadi mwisho wa utumbo, huruka sehemu na kuziacha zikiwa nzima, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo hata ukabana au ukatoboka. Aina zote mbili ni tofauti kabisa na vile vidonda vya tumbo vinavyotajwa kila siku, ambavyo hutokea kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba.

Ugonjwa huu hausababishwi na jambo moja. Kuna urithi: mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya NOD2, inayohusika na namna mwili unavyowatambua bakteria, na tangu hapo zimepatikana sehemu zaidi ya 200 za urithi zinazohusiana na ugonjwa huu. Kuna jamii kubwa ya bakteria waishio utumboni kwa amani, ambao kinga ya mgonjwa huwaona kuwa maadui. Kuna pia mazingira, kwa mfano sigara, ambayo huuchochea ugonjwa wa Crohn, au antibayotiki nyingi utotoni. Uchawi haumo, wala mgonjwa hakujiletea ugonjwa kwa kuwa na wasiwasi.

Kampala ina nafasi yake katika historia ya maswali haya. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, na mwenzake Hugh Trowell, walishangazwa na uchache wa magonjwa kadhaa ya utumbo miongoni mwa Waafrika, na wakahusisha uchache huo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Wazo lao lilikuwa na uzito, lakini liliacha pia dhana kwamba Mwafrika hapati maradhi haya, dhana ambayo haikuwa sahihi hata wakati huo, kwa kuwa mwaka 1966 madaktari nchini Uganda walichapisha taarifa ya Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Ushahidi mwingine ulitoka mbali. Waasia wengi waliofukuzwa Uganda na rais Idi Amin mwaka 1972 walihamia Leicester, Uingereza, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba katika eneo hilo kolaitisi ya vidonda iliwapata zaidi watu wa asili ya India kuliko wenyeji wa Kizungu. Kwa watu kuvuka bahari ndani ya kizazi kimoja na kuugua namna hiyo, haiwezekani kusema kwamba asili ya mtu ndiyo ngao yake.

Kikwazo kikubwa mjini Kampala ni utambuzi. Mtu anayehara damu huenda duka la dawa, huuziwa metronidazoli kwa kudhaniwa ana amiba, hupata nafuu siku chache, kisha damu hurudi. Dhana hiyo si ya kipuuzi, kwani amiba, kichocho cha utumbo kinachopatikana kandokando ya Ziwa Victoria, na kifua kikuu cha utumbo huweza kufanana mno na ugonjwa huu. Kosa ni kurudia dawa ileile mara ya tatu na ya nne bila kipimo. Baada ya kinyesi kuchunguzwa, kinachohitajika ni kolonoskopi, yaani bomba jembamba linalopindika, lenye kamera nchani, linaloingizwa kwa njia ya haja kubwa. Utando wenye afya huonekana wa waridi, unang'aa, na mishipa yake midogo husomeka kama michoro ya jani. Wa mgonjwa wa kolaitisi huwa mwekundu, mishipa imepotea, na hutoa damu ukiguswa tu. Vipande vidogo hukatwa na kupelekwa maabara.

Tiba haiondoi ugonjwa, bali huutuliza kwa miezi au miaka. Kwa kolaitisi hutumika sulfasalazini, dawa iliyobuniwa Sweden na daktari Nanna Svartz, au ndugu yake mesalazini. Steroidi kama prednisoloni huzima moto haraka lakini hazifai kutumiwa daima. Azathioprini hupunguza nguvu za kinga kwa muda mrefu. Infliximabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni dawa ya dripu yenye bei nzito kwa familia nyingi. Dawa hizi zinapodhoofisha kinga huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na steroidi akipewa mwenye amiba huweza kumuua. Ndiyo maana vipimo hutangulia. Upasuaji wa kuondoa utumbo mpana wote huimaliza kolaitisi, ilhali Crohn hurudi mara nyingi baada ya kukatwa.

Msomaji anayehara damu, au kupungua uzito huku tumbo likimsokota, kwa zaidi ya wiki nne, asinunue tena dawa dukani. Aende hospitali na aulize waziwazi kama kolonoskopi inahitajika.