Mtaji Mdogo, Ndoto Kubwa: Funzo Kutoka kwa Leso

Ukipita Biashara Street, karibu na Mji wa Kale hapa Mombasa, leso zimepangwa dukani hadi juu. Je, wajua vazi hili lilianzaje? Neno leso latokana na Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 akina mama wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeshikana kwenye jora. Wakakata vitatu vitatu, wakashona vipande viwili pamoja, wakapata vazi la vitambaa sita. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza leso nzima nzima.

Walianza na kile walichoweza kununua. Lakini walikiunga. Hata mtaji mdogo ni hivyo: ukitawanyika hauonekani, ukiungwa unakuwa kitu.

Chukua mfano wa mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Tuseme unga, sukari, nazi, iliki, mafuta na makaa vinamgharimu Sh1,000, naye anauza Sh1,400. Faida ni Sh400. Si haba! Shida ni kwamba pesa zote zinaingia kwenye laini moja na za nyumbani. Jioni ananunua tokeni za stima, anamtumia mtoto nauli, anapitia samaki. Asubuhi amebaki na Sh700, kwa hivyo anakopa kwa simu ili apate unga. Sasa faida inalipa ada ya mkopo. Hivyo ndivyo biashara inavyokufa na wateja bado wako foleni.

Tufanyeje basi?

1. Tenga mtaji. Pokea malipo ya wateja kwa nambari ya biashara, si laini yako ya kila siku. Ile Sh1,000 ya kesho isiguswe.

2. Jilipe. Katika Sh400, chukua Sh300 za nyumbani na uweke Sh100 akiba. Kwa siku sita ni Sh600. Kwa wiki kumi, Sh6,000. Huo ni mtaji wa siku sita bila kukopa, ama mwanzo wa kununua unga kwa jumla.

3. Punguza ada. Kila ukitoa pesa kwa wakala, unalipa. Kama muuzaji wako wa nazi pale Marikiti anapokea malipo kwa simu, mlipe moja kwa moja. Ikibidi utoe, toa mara moja badala ya vipande vipande, na uangalie ada kwanza.

4. Weka hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jumbe za malipo ni daftari lako, usizifute kabla hujajumlisha mauzo ya wiki.

Hatusemi Sh100 kwa siku itakupa mkahawa mwezi ujao. Mtoto ataugua, mvua itanyesha, wateja watapungua. Siku hiyo gusa akiba, ndiyo kazi yake. Mtaji ndio uuache.

Leo usiku kabla hujalala, fungua simu uangalie salio. Kisha ligawe mara tatu: mtaji, nyumba, akiba. Kama fungu la akiba ni shilingi ishirini tu, anza na hizo ishirini.