Ametoka wodini, bado hajapona

Siku ya kliniki ya watoto, katika zahanati nyingi za Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya kando ya mto Ruvuma, mambo huenda hivi. Kina mama wamejipanga kwenye benchi, kila mmoja na kadi mkononi. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mizani iliyofungwa darini, analia, muuguzi anasoma uzito na kuuandika. Kisha chanjo. Kisha anaitwa mwingine. Aliyemleta, ambaye pengine wiki tatu nyuma aliongezewa damu usiku kucha, na ambaye kanga yake ya kiunoni imefunika mshono unaotoa majimaji, anambeba mwanawe na kuondoka bila kuulizwa lolote juu yake mwenyewe.

Tuna sababu ya kushukuru. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Maana yake wapo wanawake ambao zamani tungewazika, na leo wanarudi nyumbani. Ila wanarudi na kidonda cha operesheni, au upungufu wa damu unaowafanya waone giza kila wakisimama, au presha ya kifafa cha mimba ambayo haijatulia. Wameponea chupuchupu, na sisi tukishaona mtoto analia na mama anatembea, tunahesabu kwamba yamekwisha.

Kusini huku tuna bahati moja kubwa. Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na binti anayekaribia kujifungua, hasa uzazi wa kwanza, mara nyingi hurudi kwa mama yake. Huko anakaa arobaini. Bibi anamwogesha mtoto, mama mdogo anapika, watoto wa nyumba wanatumwa dukani. Mzazi haendi kisimani, hashiki jembe, hashuki pwani kuchokoa pweza maji yakitoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akipata mapacha. Mke wa mvuvi au mkulima wa korosho hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake ni arobaini, na anayeiidhinisha ni mama yake. Sioni huduma ya baada ya uzazi iliyo karibu na mwanamke wa Mtwara kuliko hiyo, na naomba tusiiache ife kwa kudhani kuwa ni mambo ya kizamani.

Lakini arobaini ya aliyepasuliwa haiwezi kuwa sawa na ya aliyejifungua kawaida. Tuanze na kukandwa. Maji yanachemshwa, taulo linachovywa likiwa bado linatoa mvuke, linakamuliwa, kisha mkandaji analikandamiza tumboni kwa uzito wa mikono miwili ili damu iliyobaki itoke. Baadaye mkaja unafungwa, unakazwa. Kwa mwenye mshono hiyo ni hatari tupu. Ngozi ya juu inaweza kuonekana imefunga ndani ya wiki mbili, ilhali chini yake nyama na mfuko wa uzazi vimeshonwa navyo, na vinahitaji wiki nyingi zaidi. Joto kali na unyevu huwapa vijidudu makazi, na mkandamizo unaweza kuufungua mshono. Bibi anayetaka kumkanda mjukuu wake amkande mgongo na mabega kwa maji ya vuguvugu, tumbo aliache. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe hata kidogo: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hapo ni kukimbilia hospitali.

Siwalaumu bibi zetu, maana ushauri ukifika nyumbani desturi hubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Taasisi ya Afya Ifakara iliendesha mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, zikiwamo Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini. Wanakijiji wa kujitolea, wakiwa na mwanasesere wa kuonyeshea, waliwatembelea wajawazito majumbani na kurudi tena siku za mwanzo baada ya kujifungua. Baadhi ya desturi za kumtunza mtoto ziliimarika. Vifo vya watoto wachanga, hata hivyo, havikuonekana kupungua. Ushauri wa nyumbani peke yake hautoshi, unahitaji kituo chenye huduma nzuri. Nami naona kinyume chake ni kweli vilevile: kazi nzuri ya daktari wa hospitali ya Ligula inaweza kuharibika ndani ya siku tano ikiwa aliyemtunza mgonjwa nyumbani hakuelezwa kitu. Bibi aitwe wodini siku ya kuruhusiwa, asikie kwa masikio yake.

Damu iliyomwagika hairudi kwa uji mtupu. Vidonge vya FEFO vya kuongeza damu viendelee kama kituo kilivyoelekeza, na sahani iwe na dagaa, samaki, kunde, mbaazi, kisamvu, pamoja na embe au chungwa la kusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma. Chai ingoje, isinywewe pamoja na chakula, maana inayazuia.

Kunyonyesha nako kuna namna yake. Mtoto akilazwa juu ya tumbo lenye mshono, mama atauma meno kila anyonyeshapo, na mwisho atatafuta chupa. Alale ubavu, mtoto amwelekee. Au aketi, mtoto awe chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni mwa mama, mto umwinue. Aliyepoteza damu nyingi maziwa yanaweza kuchelewa. Asikatiwe tamaa wala mtoto asianze kupewa maji ya sukari kimyakimya. Anyonyeshwe mara kwa mara, na kituo kijulishwe mapema.

Kwa kina baba nina neno fupi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mwenye mshono hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake. Basi chota wewe. Na unyumba usiudai kabla mwenzako hajapimwa na kukwambia mwenyewe kwamba yuko tayari.

Kuna maumivu mengine yasiyoonekana kwenye mshono. Mwanamke aliyesikia wauguzi wakikimbizana huku yeye akizimia anaweza kushtuka usiku wiki nzima, akalia bila sababu, akamtazama mtoto kama wa jirani. Jamaa husema anadeka, au kapandwa na shetani. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, apelekwe kituoni. Na akisikia sauti au akitaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyohiyo. Vilevile anayevuja mkojo bila kujizuia baada ya uchungu wa muda mrefu asifichwe chumba cha uani. Huenda ni fistula, inatibika, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo, na hata nauli imekuwa ikiituma kwa simu kwa wasio nayo.

Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe angalau mara tatu baada ya saa 24 za kwanza: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Waonwe wote wawili. Muuguzi, ukishamshusha mtoto kwenye mizani, mpime mama presha, tazama ndani ya kope zake kuona kama damu inamtosha, mwombe aufunue mshono. Na wewe mzazi, usipoulizwa, sema. Ukipata homa, damu nyingi, majimaji yenye harufu, maumivu makali ya kichwa yenye maluweluwe au degedege, hata kama ni usiku na mchanga wa barabara ya Msimbati umejaa maji, watu wako wapige 115. Ni namba ya mpango wa M-mama, haina malipo, na usafiri wake wa dharura ni kwa ajili ya wajawazito na pia kwa mama aliyekwisha kujifungua na mtoto wake mchanga.