Reale ya mzinga na doa la Potosí

Unguja ya karne ya 19 ilipokea sarafu za kila bendera, na watu wakazipa majina yao wenyewe. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mara ya kwanza 1870, anayataja baadhi: reale ya Sham, iliyokuwa na sura ya Maria Theresa wa Austria, reale ya Fransa, na reale ya mzinga. Hii ya mwisho ilikuwa ya Kihispania. Ilichorwa nguzo mbili zilizosimama wima, na watu wa pwani, walioizoea mizinga ya ngome kuliko hekaya za Wagiriki, wakaona mizinga miwili.

Nguzo zile ni za Hercules, alama ya kale ya mlango wa bahari wa Gibraltar. Jina reale nalo limetoka mbali. Kwa Wahispania, real ilikuwa sarafu ndogo tu. Ile kubwa ilikuwa ya real nane. Jina la ndogo likasafiri, likafika kwetu likiwa jina la kubwa.

Lakini kwa nini nguzo? Zilikuwepo kwenye sarafu za kwanza kabisa za Mexico, katika karne ya 16. Ila zina kisa kingine, cha kusini zaidi, ambako zilichorwa ili kufuta aibu. Kisa hicho kimeandikwa sana na wanahistoria, lakini hakieleweki vizuri bila mhandisi wa kueleza mashine na mwanahisabati wa kueleza mizani.

Mlima, maji na zebaki

Cerro Rico, yaani mlima tajiri, uko Potosí, Bolivia ya leo, kwenye mji ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wahispania walianza kuuchimba 1545. Mwanzoni mawe yalikuwa na fedha nyingi, na wenyeji waliyayeyusha katika tanuri ndogo zilizopulizwa na upepo wa milimani. Mawe mazuri yakaisha. Yaliyobaki yalihitaji kuni nyingi kuliko nyanda zile kavu za baridi zilivyoweza kutoa.

Ufumbuzi ulifika 1572, chini ya Francisco de Toledo, naibu wa mfalme huko Peru. Ulikuwa zebaki. Mfanyabiashara mmoja, Bartolomé de Medina, alikuwa amekwisha kuifanyia kazi njia hiyo Pachuca, Mexico, mnamo 1554. Mawe husagwa yakawa unga, yakachanganywa na maji, chumvi na zebaki, yakakorogwa kwa siku nyingi. Zebaki huinasa fedha na kuacha taka. Mchanganyiko ukikamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa, zebaki hupaa kama moshi na fedha hubaki chini, nyeupe, yenye vitundu kama sifongo. Moshi ule waliuvuta wafanyakazi.

Kusaga mlima si mchezo. Palijengwa vinu vya kutwangia vilivyozungushwa kwa nguvu ya maji, na kwa kuwa mvua ya Potosí ni ya msimu, palijengwa mabwawa milimani na mfereji wa kuyateremsha maji hadi mjini. Machi 1626 bwawa la San Ildefonso lilipasuka. Maji yakashuka na watu, nyumba na vinu.

Mikono ililetwa kwa utaratibu ulioitwa mita, neno la Kikechua lenye maana ya zamu. Mikoa 16 ililazimishwa kutoa mwanamume mmoja kati ya kila saba wazima, jumla yao zaidi ya 13,000 kwa mwaka. Zamu iliwahi kuwa desturi ya Wainka. Chini ya Wahispania iligeuka mzigo uliowafanya watu kukimbia vijiji vyao.

Hapa hesabu ya kwanza inaingia. Zebaki iliuzwa na serikali peke yake, na sehemu ya tano ya fedha ilikuwa haki ya mfalme. Basi maofisa wakajua la kufanya: walihesabu zebaki iliyouzwa, wakakadiria fedha iliyopaswa kutoka. Mwenye kinu aliyenunua zebaki nyingi na kuleta fedha kidogo alikuwa na maswali ya kujibu. Wanahistoria wa leo hutumia hesabu hiyohiyo kukadiria fedha iliyopitishwa kwa magendo.

Kikombe cha majivu

Ukimpelekea sonara bangili ya marehemu bibi yako, atakuuliza mambo mawili hata bila kufungua kinywa. Ataiweka kwenye mizani ajue uzito wake. Kisha ataisugua kwenye jiwe ajue kilicho ndani. Uzito bila usafi haumwambii kitu.

Sheria ya Hispania ilikuwa na majibu ya maswali hayo mawili. Kutoka kwenye marko moja ya fedha, kama gramu 230, zilitoka real 67. Hivyo sarafu ya real nane ilikuwa na karibu gramu 27.5. Usafi ulihesabiwa kwa sehemu 12, kila sehemu ikiwa na punje 24. Fedha ya sarafu ilitakiwa iwe na sehemu 11 na punje 4. Piga hesabu: punje 268 kati ya 288, yaani asilimia 93. Iliyobaki ni shaba.

Aliyethibitisha hayo ni mpimaji wa kiwanda cha sarafu. Alikata kipande, akakipima, akakiweka pamoja na risasi kwenye kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, akakitia motoni. Risasi huyeyuka na kuichukua shaba, na kikombe huvinywa vyote viwili. Kinachobaki chini ni tone la fedha tupu linalong'aa. Mpimaji hulipima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo shaba iliyokuwemo; ikizidi ile ya sheria, pana udanganyifu. Aliporidhika, herufi ya jina lake iligongwa juu ya sarafu. Ndiyo iliyosema: nimepima mimi.

Kiswahili hutumia neno fedha kwa madini na kwa pesa, na kwa karne nyingi haikuwa na ubaya. Ubaya ulianza Potosí pale viwili hivyo vilipoachana.

Lisemwalo lipo

Katika miaka ya 1640 wafanyabiashara wa Ulaya walianza kunong'ona. Sarafu za Peru, na Potosí wakati ule ilikuwa ndani ya Peru, zilikuwa nzito sawasawa, lakini zikiyeyushwa hazikutoa fedha iliyotarajiwa. Shaba ilikuwa imezidi. Samaki mmoja akioza huoza wote: hata sarafu safi za Potosí zikaanza kukataliwa, na mfalme aliyelipa majeshi na wadai wake kwa fedha ile akakutwa na mkono mtupu.

Madrid ikamtuma mkaguzi, Francisco Nestares Marín, aliyefika mwishoni mwa 1648. Uchunguzi ulimfikia mmoja wa matajiri wakubwa wa mji, Francisco Gómez de la Rocha, mfanyabiashara wa fedha aliyepeleka vinoo vyake kiwandani. Rocha alinyongwa 1650. Mpimaji Felipe Ramírez de Arellano, ambaye herufi yake ilipaswa kuwa kinga, naye aliuawa. Sarafu za zamani zilishushwa thamani kwa amri ya mfalme, na waliokuwa wameweka akiba, wakubwa kwa wadogo, wakalala matajiri wakaamka na pungufu.

Mwaka 1652 Potosí ikatoa sarafu ya sura mpya, ili hata asiyejua kusoma aitofautishe na ile ya aibu. Juu ya mawimbi ya bahari zilisimama nguzo mbili za Hercules. Herufi ya mpimaji iligongwa zaidi ya mara moja.

Hesabu ya kisanduku

Unaweza kujiuliza: wizi mkubwa namna ile uliwezekanaje katika kiwanda chenye mpimaji na sheria? Jibu ni rushwa. Lakini hata pasipo rushwa hisabati iliweza kuacha mwanya, nao unaonekana vizuri zaidi Uingereza. Tangu karne ya 13, London ilikuwa na desturi ya kuweka sarafu chache za kila mkupuo kwenye kisanduku, kisha kuzipima mbele ya baraza. Kwa kuwa hakuna mkono usiotetemeka, kila sarafu iliruhusiwa kupungua au kuzidi kidogo, na kwa sarafu mia ruhusa ilizidishwa mara mia.

Inaonekana haki, lakini sivyo. Tuseme sarafu moja hukosea kwa punje moja hivi, ambayo ndiyo ruhusa yake, mara juu mara chini. Ukizipima mia kwa pamoja, makosa ya juu hufuta ya chini, na jumla haikosei kwa punje mia bali kwa kumi tu, kwa sababu kumi ndiyo kipeuo cha pili cha mia. Mkuu wa kiwanda aliyelijua hilo angeweza kupunguza kila sarafu kwa punje 0.8, jumla ikapungua karibu 80, na bado akapita chini ya ruhusa ya mia. Kanuni hiyo ilidhihirishwa na Abraham de Moivre katika karne ya 18, miaka mia tano tangu kisanduku kianze kutumika.

Rafiki wa de Moivre alikuwa Isaac Newton, aliyeingia kiwanda cha sarafu cha London 1696 na kuwa mkuu wake 1699. Ndipo sarafu za Potosí zinapotua kwenye meza ya mwanahisabati.

Peni moja na robo tatu

Makoloni ya Uingereza ya Amerika hayakuwa na fedha yao ya kutosha. Yalitumia ya Hispania, na kila koloni ilijipangia bei. Mwaka 1704 Malkia Anne alitoa tangazo la kuweka kikomo, likiwa na jedwali la sarafu zilizopimwa kiwandani kwa Newton. Mistari minne ya jedwali hilo inatosha makala hii. Sarafu ya real nane ya Seville ya zamani: shilingi 4 na peni 6. Ya Mexico: vilevile. Ya nguzo: shilingi 4, peni 6 na robo tatu. Ya Peru ya zamani: shilingi 4 na peni 5, na mbele yake yameongezwa maneno yenye maana ya "au karibu na hapo".

Zote nne zimeandikiwa uzito mmoja. Tofauti iko ndani ya metali. Na kabla ya 1732, Mexico ilipoanza kugonga sarafu za nguzo kwa mashine, nguzo zilimaanisha hasa zile za Peru za baada ya 1652. Kwa hiyo, ukiipanga mistari hiyo minne kwa bei, nchi moja imekaa juu na chini. Mstari wa chini ni wa enzi za Rocha, na ndio pekee kati ya minne ambao London haikuthubutu kuupa bei kamili: ungejuaje iliyo mkononi ni ipi? Mstari wa juu ni wa baada ya kunyongwa kwake.

Upimaji haujaisha. Mwaka 2011 watafiti kutoka Lyon, Ufaransa, walichapisha vipimo vya sarafu 91 wakifuatilia isotopu za fedha, shaba na risasi, yaani alama ambazo tanuri haizifuti kirahisi. Waliona kwamba hadi enzi ya Felipe III, mwanzoni mwa karne ya 17, sarafu za Hispania bado zilijaa fedha ya Ulaya; kufikia Felipe V, fedha ya Mexico ilikuwa imeifukuza. Swali linarudi kwa mwanahistoria: ya Potosí ilikwenda wapi? Huenda nyingi ilielekea Asia, kununua hariri na vitambaa.

Mchuuzi wa Unguja aliyesema "mzinga" alikosea kwa habari ya Hercules. Kwa habari ya Potosí hakukosea sana. Pale nguzo zilisimamishwa kazi ileile ya mizinga ya ngome, kulinda, na miaka hamsini baadaye ulinzi ule ulipimwa London ukaonekana una thamani ya peni moja na robo tatu kwa kila sarafu.