Kutenganisha Beta na Gama katika Mchanga wa Isimila

Kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, ukifuata barabara ya Mbeya, korongo la Isimila limeacha nguzo ndefu za udongo, na kando yake zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale. F. Clark Howell alichimba hapo mwaka 1957 na 1958. Baadaye mifupa ilipimwa kwa njia ya urani, jibu likawa miaka 260,000 hivi, lenye shaka ya makumi ya maelfu ya miaka.

Mchanga nao unaweza kuwa saa. Punje ya kwatzi iliyofukiwa gizani hupokea mionzi kutoka udongoni na kuhifadhi nishati yake. Ikimulikwa maabara, huiachia kama mwanga hafifu. Gawanya nishati hiyo kwa ile inayoingia kila mwaka, umri unapatikana.

Kazi nzito ni kujua hiyo nishati ya kila mwaka, kwani huletwa na mionzi ya beta na ya gama.

Beta ni elektroni, na mchangani haipiti milimita tatu hivi. Gama, mionzi inayopenya zaidi, hufika kutoka sentimita 30 pande zote. Potasiamu-40, ambayo mawe ya itale yanayo kwa wingi, hutoa beta karibu mara 89 katika 100, na gama mara 11 hivi. Kwa hiyo beta ya punje hutoka kwa punje za jirani, ilhali gama yake yaweza kutoka kwenye tabaka jingine kabisa. Ukizichanganya, umri unapotoka.

Maabara huanza na hila rahisi: hesabu mapigo ya kipima mionzi, kisha ziba dirisha lake kwa plastiki ya sentimita moja na nusu. Beta zinakwama, gama nyingi zinapita. Tofauti ndiyo beta. Risasi haifai hapa, kwani hupunguza gama nayo.

Tuseme dakika 10 zimetoa mapigo 640 bila plastiki na 600 ikiwepo. Tofauti ni 40, lakini shaka ya kutoa namba hizo ni 35, yaani kipeuo cha pili cha jumla yake, 1,240. Hapo hujapima kitu! Subiri dakika 100: 6,400 kwa 6,000, tofauti 400, shaka 111. Ndiyo maana wapimaji hupendelea kigunduzi chembamba sana, ambacho beta hukigonga lakini gama nyingi hukipita bila kuacha alama. Gama yenyewe hupimwa palepale korongoni, kwa kifaa kilichotumbukizwa kwenye shimo sampuli ilikotoka.