Jeki Huinua, Haibebi

Mkulima anayepanda mahindi kwa mistari ya sentimita 75 huhitaji matairi ya trekta yake ndogo yaachane sentimita 150, katikati hadi katikati, ili yapite bila kukanyaga miche. Kubadili nafasi hiyo kunadai gurudumu liinuliwe, na hatari iko hapo: jeki imeundwa kuinua, si kubeba. Sili ikivujisha mafuta au udongo ukititia, uzito wote hushuka ghafla. Kwa hiyo egesha penye sakafu ngumu, teremsha jembe, zima injini, vuta handibreki na uzuie kwa kabari magurudumu yanayobaki chini. Ekseli ya mbele huyumba kwenye pini yake ya katikati. Ipigie kabari za mbao pande zote mbili kabla ya kuinua nyuma. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi ya chuma chini ya ekseli na ushushe uzito juu yake.

Wapo watakaosema stendi ni ghali na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Lakini jeki huhitaji sekunde moja tu kuteleza, na asiye na stendi anaweza kupanga vipande vinene vya mbao ngumu kwa kupishana. Matofali yasitumike kamwe, kwani hupasuka bila onyo. Ukimaliza, kaza nati, na uzikaze tena baada ya saa chache za kazi. Usiingize hata mkono chini ya trekta inayoshikiliwa na jeki pekee.